Simba jike anayebaki nyuma



Posho hii tunataka kuzungumza juu ya swali linalorudi katika vikundi vyetu kila mwezi. Tufanye namna gani na yule anayekula pamoja nasi, lakini siku ya kazi haonekani? Yule aliyepokea likelemba ya kwanza, kisha simu yake haipatikani. Yule anayefika kwenye shamba la kikundi wakati jua limekwisha kupanda na wenzake wamekwisha kuchoka. Na ndani ya swali hilo kuna lingine lililo zito zaidi: mama aliyekimbia vita, aliyefika hapa Bunia na watoto na godoro tu, je, tumwingize katika likelemba? Akihama tena kesho, nani atalipa sehemu yake?

Mara hii hatutaanza na mashauri. Tutaanza na simba. Kuna mtaalamu mmoja aliyetumia miaka mingi ya maisha yake akiangalia simba majike wa Serengeti, kule Tanzania, kusudi ajue swali hilohilo: nani anasaidia, nani anabaki nyuma, na kwa sababu gani kundi halivunjiki. Sisi walimu tunaona kwamba kazi yake inaweza kusaidia vikundi vya wamama zaidi kuliko yeye mwenyewe alivyofikiri.

KIJANA WA GOMBE

Mtaalamu huyo ni Craig Packer, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1950 katika jimbo la Texas. Mwaka 1972, akiwa angali mwanafunzi, alifika Gombe, msitu mdogo ulio kando ya Ziwa Tanganyika karibu na Kigoma. Ukisimama pale ufukweni na kutazama magharibi, milima unayoiona ng'ambo ni Kongo yetu. Mama Jane Goodall alikuwa amekwisha kuanza kazi pale tangu mwaka 1960, akiwafuata sokwe. Packer yeye alipewa kuangalia nyani.

Kazi ya kuangalia wanyama si kama watu wanavyofikiri. Haihitaji bunduki wala uhodari mwingi. Inahitaji daftari, kalamu, na uvumilivu. Unaamka kabla ya nyani, unawafuata kutwa nzima, unaandika: huyu amefanya nini, amemfanyia nani, saa ngapi. Kesho vilevile. Baada ya miaka mitatu unafungua madaftari na unahesabu. Mama anayeandika hesabu ya kikundi kila siku ya mkutano anaijua kazi hiyo.

Packer aliona jambo moja kwa nyani madume. Dume akitaka kupambana na mwenzake aliye na nguvu, anamtafuta rafiki. Haongei, lakini anageuza kichwa haraka haraka: anamtazama rafiki, anamtazama adui, anamtazama rafiki tena. Ni kama kusema: njoo unisaidie na huyu. Mara nyingine rafiki anakuja, wanapigana wawili, na yule aliyeomba ndiye anayepata faida. Aliyesaidia anarudi mikono mitupu, pengine na kidonda.

Sasa, kwa nini alikubali? Packer alipohesabu aliona kwamba wale waliosaidia wengine mara nyingi ndio waliosaidiwa nao mara nyingi. Nyani walikuwa na marafiki wa kusaidiana kwa zamu. Aliandika hayo mwaka 1977, na watu wa elimu duniani kote wakayasoma. Miaka iliyofuata wataalamu wengine walienda kwa nyani wengine, wakabisha: walisema pengine kila dume alikuja kwa kutafuta faida yake palepale. Elimu ndivyo inavyokwenda. Mtu analeta hesabu yake, wenzake wanaikagua, na hakuna anayekasirika mpaka kuvunja kikundi.

Tusisahau jambo moja linalotuhusu. Mwezi wa tano mwaka 1975, watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka upande wetu, nchi ikiwa inaitwa Zaire. Walikuwa wa PRP, chama cha Laurent-Désiré Kabila, aliyekuja kuwa prezida wetu mwaka 1997. Waliteka watu wanne waliokuwa wakifanya kazi Gombe. Wote wanne waliachiliwa baadaye, lakini wanafunzi wa kigeni waliondolewa. Waliobaki kufuata sokwe na kuandika madaftari ni Watanzania wa vijiji vya pale. Bila wao kazi ile ingekufa. Sisi wa Ituri hatuhitaji kufundishwa kwamba vita ikipita, kazi inashikwa na wale wasiokuwa na mahali pengine pa kwenda.

MWEWE NA NJIWA

Packer alimaliza masomo yake makubwa katika chuo kikuu cha Sussex, Uingereza. Katika chuo hicho alifundisha mzee mmoja jina lake John Maynard Smith. Mzee huyo, wakati wa vita kuu ya pili, alikuwa akifanya hesabu za ndege za kuruka. Vita ilipokwisha aliacha ndege, akaanza kusoma wanyama, lakini hesabu hakuziacha. Mwaka 1973, yeye na Mmarekani George Price waliandika juu ya swali hili: kwa nini wanyama wawili wakigombana, mara nyingi hawauani? Kwa nini wanatishana, kisha mmoja anaondoka?

Jibu lao linaitwa leo nadharia ya michezo katika mageuzi. Jina ni refu, lakini hesabu yake mtoto wa darasa la sita anaiweza. Tuifanye pamoja.

Tuseme kuna chakula chenye thamani ya 10. Wanaokigombania wana tabia mbili. Mwewe anapigana mpaka mwisho. Njiwa anatisha kidogo, na mwenzake akianza kupigana kweli, yeye anaondoka. Kidonda cha kushindwa vita kinagharimu 30.

Njiwa wawili wakikutana wanagawana, kila mmoja 5. Mwewe akikutana na njiwa, mwewe anabeba 10 yote, njiwa anaondoka na 0 lakini ni mzima. Mwewe wawili wakikutana, mmoja anapata 10 na mwingine anapoteza 30. Ukichanganya na kugawa kwa wawili, kila mwewe kwa wastani anapoteza 10.

Sasa tazama. Katika kartier ya njiwa watupu, mwewe wa kwanza anayefika anakula vizuri sana. Ndiyo maana mnyang'anyi mmoja anaweza kusumbua soko zima la watu wapole. Lakini katika kartier ya mwewe watupu, kila mtu ana vidonda, na njiwa anayeondoka mapema ndiye anayeendelea vizuri. Basi hakuna tabia moja inayoshika mahali pote. Kwa hesabu yetu hii mambo yanatulia wakati mmoja kati ya watatu ni mwewe na wawili ni njiwa. Ukiongeza gharama ya kidonda, mwewe wanapungua. Ukipunguza gharama, wanaongezeka.

Somo lake ni hili: tabia ya mtu haitoki moyoni mwake tu. Inategemea pia wale anaokutana nao, na inategemea kosa linagharimu kiasi gani. Tukitaka mwewe wapungue katika kikundi, hatuwezi kungoja mioyo igeuke. Tunaweza kugeuza sheria za kikundi.

SIMBA WA SERENGETI

Mwaka 1978, Packer na mtaalamu mwanamke Anne Pusey, ambaye naye alikuwa amefanya kazi Gombe na sokwe, walikwenda Serengeti. Pale uchunguzi wa simba ulikuwa umeanzishwa na George Schaller mwaka 1966. Wao waliupokea na kuuendeleza kwa miaka mingi. Kila simba alikuwa na kadi yake, kama mtoto wa masomo. Walimjua kwa masikio yaliyochanika na kwa madoa madogo yaliyo penye ndevu, maana madoa hayo hayafanani kwa simba wawili. Walijua mama yake, dada zake, shangazi zake, watoto wake.

Watu wengi walifikiri kwamba simba wanakaa kundi kusudi wawinde vizuri. Packer na wenzake walipohesabu nyama, waliona si hivyo. Wakati wa njaa, simba jike anayewinda peke yake anapata nyama kama yule aliye katika kundi la watano au sita. Tena walipoangalia uwindaji wenyewe, waliona jambo ambalo litawachekesha. Mnyama akiwa mkubwa na mgumu, kama nyati, wote wanaingia kazini. Mnyama akiwa mdogo, kama ngiri, ambaye mmoja anatosha kumshika, mmoja anakimbia na wengine wanakaa wakitazama. Wanakuja wakati wa kula.

Basi kwa nini wanakaa pamoja? Kwa sababu mbili: watoto na udongo.

Simba jike anabeba mimba siku karibu 110. Akizaa, anawaficha watoto peke yake kwa majuma kama sita. Kisha anawaleta mahali pamoja na watoto wa wenzake, na wamama wanawalea kwa umoja. Packer na Pusey walitazama jambo la kunyonyesha kwa karibu. Mtu anaweza kusema: vizuri sana, kila mama ananyonyesha watoto wote! Lakini si hivyo kabisa. Mama anawapenda wake kwanza. Watoto wa wengine wanakuja kuiba maziwa wakati amelala, au wakati wake wananyonya naye hatazami. Mama mwenye watoto wachache, au anayekaa na dada zake wa damu, ndiye anayeachilia zaidi. Hawakai pamoja kwa ajili ya maziwa. Wanakaa pamoja kwa ajili ya hatari. Simba madume wageni wakija kuchukua kundi, wanaua watoto wadogo, kusudi wamama warudi haraka kuwa tayari kuzaa na wao. Mama mmoja peke yake hawezi kuwazuia. Wamama wengi pamoja, mara nyingine wanaweza.

Na udongo: mahali pazuri Serengeti ni pale mito miwili inapokutana. Kuna maji, kuna vichaka vya kujificha, kuna wanyama wanaokuja kunywa. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kwamba makundi makubwa ndiyo yanayoshika mahali hapo, na yaliyo na wachache yanasukumwa pembeni. Idadi ndiyo silaha yao.

Kuna jambo lingine la kushangaza. Kwa wanyama wengi wanaokaa kundi, kuna jike mkubwa anayetawala na kuwazuia wengine kuzaa. Kwa simba hapana. Mwaka 2001 Packer, Pusey na mwenzao walionyesha kwamba simba majike wa kundi moja wanazaa sawasawa, hakuna malkia. Kila mmoja ana makucha, hakuna anayeweza kumlazimisha mwenzake bila kuumizwa. Hapo munaiona hesabu ya mwewe na njiwa ikitembea kwa miguu minne.

YULE ANAYEBAKI NYUMA

Sasa tumefika kwenye kichwa cha mazungumzo yetu.

Wataalamu walificha kipaza sauti porini, wakapiga sauti ya simba jike mgeni akinguruma. Kwa wenye mahali, sauti hiyo ni kama mtu anayebisha usiku akisema: nimekuja kuchukua kiwanja chenu. Karen McComb pamoja na Packer na Pusey waliona, mwaka 1994, kwamba simba wanahesabu. Wakisikia mgeni mmoja nao ni watatu, wanaenda. Wakisikia wageni watatu nao ni wachache, wanasita, na wanawaita wenzao walio mbali.

Mwaka 1995, Packer na Rolf Heinsohn walitoa matokeo mengine. Walitazama si kundi tu, bali kila simba mmoja mmoja: nani yuko mbele, nani yuko nyuma. Walikuta namna nne za simba jike. Tuzitaje polepole, na kila mmoja wetu ajitafute kimoyomoyo.

Wa kwanza anakwenda mbele siku zote, hatari iwe ndogo au kubwa.

Wa pili anabaki nyuma siku zote. Anafika wakati mambo yamekwisha.

Wa tatu, siku za kawaida anabaki nyuma, lakini siku hatari ikiwa kubwa na wenzake wanamhitaji kweli, anakuja mbele.

Wa nne ni kinyume chake. Siku za raha yuko pamoja na wengine, lakini siku ya hatari kubwa ndiyo siku anayobaki mbali kabisa.

Je, wale wa mbele wanajua nani anabaki nyuma? Wanajua sana. Wakitembea pamoja naye wanageuka kumtazama mara kwa mara, na wanakwenda kwa kusita. Lakini hawamwadhibu. Hawamwumi wala hawamfukuzi. Kesho sauti ikisikika, wanakwenda mbele tena, naye anabaki nyuma tena.

Jambo hilo liliwasumbua wataalamu, maana wengi walitegemea kwamba ushirikiano wa wanyama unashikiliwa na nipe nikupe: ukinisaidia nitakusaidia, ukiniacha nitakuacha. Simba hawakufuata sheria hiyo. Wa mbele akikataa kwenda kwa kumkasirikia mvivu, wageni watachukua udongo, na watoto wake mwenyewe ndio watakaokufa. Hasara ya kumwadhibu mvivu ingempata yeye.

Wamama, tunafikiri wengi wenu munamjua simba huyo wa mbele. Ni yule anayesema: nikiacha, kikundi kitakufa, na ni mimi nitakayelia. Basi anaendelea kubeba.

MCHEZO USIO NA MWISHO

Lakini sisi si simba. Tuna mdomo wa kuongea, tuna daftari, tuna sheria. Hapo tunaweza kuliko wao.

Karibu mwaka 1980, Mmarekani Robert Axelrod aliwaomba wataalamu wamletee programu za kompyuta zicheze mchezo wa kuaminiana. Kila mara wawili wanakutana, na kila mmoja anachagua: kushirikiana au kudanganya. Akidanganya wakati mwenzake anashirikiana, anapata zaidi. Wote wakidanganya, wote wanapata kidogo. Programu 14 ziliingia, nyingine ndefu na zenye ujanja mwingi. Iliyoshinda ndiyo iliyokuwa fupi kuliko zote, ya mzee Anatol Rapoport. Inaanza kwa kushirikiana. Kisha inafanya vile mwenzake alivyofanya mara iliyopita. Ukidanganya, inakurudishia mara moja. Ukirudi katika njia nzuri, inasahau na kushirikiana tena. Mara ya pili waliingia 62, wakijua iliyoshinda ni ipi, na ilishinda tena.

Lakini kuna sharti moja, na hapo ndipo penye kidonda chetu. Mchezo huo unakwenda vizuri tu kama wachezaji watakutana tena, bila kujua mara ya mwisho ni lini. Mtu akijua kwamba leo ndiyo mwisho, faida yake ni kudanganya.

Tazameni sasa likelemba. Ikiwa wamama kumi wanatoa kila juma franka 5 000, aliyepokea wa kwanza ameshika franka 50 000. Kwa nini harudi nyumbani na kunyamaza? Kwa sababu kesho atakutana nasi kisimani, sokoni, kanisani, penye masomo ya watoto. Kesho ndiyo inayomlinda asidanganye. Na vita inafanya nini? Vita inaua kesho. Mtu asiyejua kama juma lijalo atalala hapa au njiani kukimbilia mahali pengine, hesabu yake inabadilika. Si kwamba amekuwa mbaya, bali amechukuliwa ile kesho iliyokuwa ikimshika. Ndiyo maana katika mkoa wetu vikundi vingi vinavunjika hata kati ya wamama wazuri.

Basi mama aliyekimbia si mwewe kwa asili. Alikuwa na likelemba yake huko alikotoka, pengine alikuwa ndiye anayetunza pesa. Aliyepoteza ni kesho yake, na kikundi ndicho kinachoweza kumrudishia.

KUTOKA HAPA KWETU KONGO

Wengine watasema: hayo ni ya Serengeti. Haya, tuje nyumbani. Kuna mnyama anayepatikana Kongo tu, duniani kote hayupo mahali pengine porini: bonobo. Anafanana na sokwe. Mjapani Takayoshi Kano alianza kuwachunguza Wamba mwaka 1973. Si Wamba ya Haut-Uélé munayoijua, ni Wamba ya jimbo la Tshuapa, upande wa Djolu. Mwaka 2016 wataalamu Nahoko Tokuyama na Takeshi Furuichi walionyesha kwamba bonobo majike wanaungana dhidi ya dume anayewasumbua. Na waliokuwa wakiungana hawakuwa lazima ndugu. Bonobo jike akikua anaacha kundi la mama yake na kwenda kundi la kigeni. Anafika mgeni, hana mtu. Jike mzee wa pale anasimama upande wa huyo mdogo, na mdogo anajifunza kukaa karibu na wazee.

Tunaona hapo picha ya mama mzee wa Ngezi na mama mgeni aliyefika juzi.

Lakini tuseme wazi: hatusomi wanyama kusudi tuwaige. Simba dume anaua watoto wa mwenzake. Je, tuseme ni haki kwa sababu mnyama anafanya? Hapana. Tumeona mengi hapa, tusiyape jina la asili. Tunawasoma kusudi tujue mtego uko wapi, halafu sisi wenye akili tuuruke.

TUFANYE NINI KATIKA VIKUNDI?

Tumezungumza na wamama wa vikundi mbalimbali, na mambo haya ndiyo tunayoona yanafaa.

Moja: tuanze kidogo na mgeni. Mama mgeni aanze katika likelemba ndogo, ya franka 500 au 1 000, na ya juma badala ya mwezi. Zamu ikiwa fupi, tunakutana mara nyingi, na uaminifu unakua haraka. Baada ya mzunguko mmoja au miwili aingie katika kubwa.

Mbili: asipokee wa kwanza, lakini asiwe wa mwisho pia. Wa mwisho ndiye anayebeba hatari yote, kwa sababu ametoa siku zote kabla ya kupokea, na akilazimika kukimbia amepoteza vyote. Katikati ni haki kwa wote.

Tatu: tuandike na tusome kwa sauti. Programu ile ya Rapoport ilikuwa na kumbukumbu. Kikundi kisichoandika hakina kumbukumbu, na penye giza mwewe wanaongezeka. Kwa wale wasiojua kusoma, tutumie alama au mawe ya kuhesabia.

Nne: faini iwe ndogo, ya mara moja, na yenye mlango wa kurudi. Kosa la juma hili lijibiwe juma hili. Akilipa, tumsahaulie kabisa, tusimwimbie kosa lake mwaka mzima. Wengi wanaotoroka wanatoroka kwa haya, kwa sababu deni limekwisha kuwa kubwa na mlango wa kurudi umefungwa.

Tano: tutenganishe asiyeweza na asiyetaka. Mama mwenye mtoto hospitalini si simba wa kubaki nyuma. Kikundi kiwe na sanduku dogo la shida, na kila mmoja atie kidogo kila mkutano. Na tukitaka kumjua mtu, tusimpime siku za raha. Mkumbuke yule simba wa tatu: siku zote nyuma, lakini siku ya hatari mbele. Kuna mama asiyeonekana kwenye mikutano, ila siku ya msiba ndiye anayefika kwanza na kuni kichwani. Tusimfukuze huyo kwa haraka. Na mkumbuke wa nne pia, mwenye maneno matamu kwenye sherehe.

Sita: tuwapumzishe wa mbele. Simba wa mbele hana namna ya kusema nimechoka. Sisi tunayo. Kazi ya kutunza pesa, ya kuita mkutano, ya kwenda kuona wagonjwa, ipite kwa zamu.

Kidole kimoja hakivunji chawa, wazee wetu wamekwisha kusema. Sisi tunaongeza tu kwamba vidole navyo vinahitaji mkono wa kuvishikilia, na mkono huo ni kujua kwamba tutaonana tena. Kila mara tunapoketi siku ileile, saa ileile, hata mvua ikinyesha, hata habari za njiani zikiwa mbaya, tunamwambia kila mama: juma lijalo tuko. Hilo peke yake lina thamani kuliko zile franka.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chetu, mtu akichelewa kutoa, tunafanya nini juma hilohilo?

2. Nani kati yetu amekuwa mbele kwa muda mrefu bila kupumzika? Tumsaidie namna gani?

3. Kuna mama mgeni katika avenyu yetu ambaye hajaingia kikundi chochote? Nani atamtembelea kabla ya mkutano ujao?

4. Tufanye mchezo wa mwewe na njiwa kwa maharagi: kidonda kikigharimu 12 tu badala ya 30, mwewe watakuwa wengi au wachache? Watoto wa darasa la sita wawasaidie. Jibu tutalitoa juma lijalo.

Mubaki na amani, na musalimie wote wa nyumbani.